Land Rover ya Kassimu Nandonde

Pale Chuno, mtaa wa Mtwara mjini, ukitaka kumuudhi Kassimu Nandonde, liite gari lake chuma chakavu. Alikuwa mtu mzima wa miaka sitini na sita, mpole, ambaye hajawahi kugombana na jirani hata kwa kuku, lakini kwa ajili ya gari hilo alikuwa tayari kukununia mwezi mzima. Ilikuwa Land Rover ya jeshi, ile ndefu ya zamani yenye turubai nyuma na taa mbili zilizosogeleana puani. Ilikwenda vita vya Kagera ikarudi, ikazungushwa mpakani mwa Ruvuma mpaka ikachoka, na mwaka tisini na moja ikauzwa kwenye mnada wa magari mabovu. Kassimu wakati huo alikuwa fundi katika karakana moja ya mjini. Aliinunua haina injini, akaivuta kwa trekta hadi nyumbani, na ilimchukua miezi minane mpaka siku iliponguruma.

Jambo la kwanza aliloambiwa ni kuondoa ile rangi ya kijani, maana raia haruhusiwi kutembea na rangi za jeshi. Akaipaka rangi ya kijivu iliyobaki baada ya kupaka boti ya mtu. Lakini kijani hakikukubali kufa. Kila gari lilipokwaruzwa na tawi la mkorosho, kijani kilichungulia, na Kassimu alifurahi kimoyomoyo kabla ya kuchukua brashi na kukifunika tena. Askari wa kizuizini walikuwa wakimtania kwamba gari lake limestaafu lakini sare halijarudisha.

Kuliendesha hakukuwa jambo la mtu mvivu. Asubuhi za baridi liliwashwa kwa kuzungushwa hendeli mbele, na hendeli hiyo ilimvunja Kassimu kifundo cha mkono mara mbili. Usukani haukuwa na msaada wowote zaidi ya mabega yako. Ukitaka kurudisha gia chini unakanyaga klachi, unaachia, unakandamiza mafuta kidogo, unakanyaga tena, na ukikosea linapiga kelele hadi watu wa mtaa wa Rahaleo wanageuka. Vijana wenye bajaji walimcheka. Mvua zikikolea na barabara za bondeni zikigeuka uji, walikuwa hawacheki tena, kwa sababu ni yeye aliyepeleka saruji, mbegu, wagonjwa na maiti huko ambako magari yao mazuri yaligeuzia njiani.

Ugonjwa wa gari hilo ulikuwa mmoja tu, chumvi. Bodi yake ni ya aluminiamu, haijui kutu. Lakini chini limebebwa na chesisi, fremu ndefu ya chuma inayoshika kila kitu, na upepo wa Mtwara unakula chuma mchana na usiku. Kassimu hakwenda dukani kutafuta dawa. Marehemu baba yake, mkulima wa korosho, alikuwa akipaka nguzo za nyumba mafuta ya maganda ya korosho, yale meusi yanayobabua ngozi, na mchwa hawakuzigusa nguzo hizo miaka arobaini. Kassimu akaona, kama yanamshinda mchwa, yatashindwaje na kutu? Kila mwaka msimu wa korosho ukiisha alikaanga maganda kwenye debe lililotobolewa, akakinga mafuta, akaingia uvunguni na brashi. Mikono yake ilikuwa na makovu hadi kwenye viwiko. Yalipokauka yaliacha ganda gumu linalong'aa, na miaka thelathini ya maganda ilifanya chesisi ile ionekane mpya kuliko siku ya mnada.

Rafiki yake Elisha, Mnyakyusa aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyuma bandarini, hakuupenda mng'aro ule. Alimwambia mara nyingi kwamba chesisi ile ndani ni tupu, kama boksi, na kwamba brashi haijawahi kufika ndani.

"Mzee Kassimu, niruhusu nigonge kwa nyundo, tusikilize tu inalia vipi," alisema mara ya mwisho, mwezi wa kumi na mbili.

"Ukigonga unavunja ganda," Kassimu akamjibu. "Na ganda ndilo linaloishikilia."

Elisha alirudisha nyundo mfukoni. Kwa mambo mengine Kassimu alikuwa msikivu sana. Kwa hilo alitia pamba masikioni, na mimi sioni sababu ya kumsitiri.

Mkewe aliitwa Mwanahamisi. Alimwoa Kitaya, kijiji kilicho ukingoni mwa Ruvuma, mwaka mmoja baada ya kununua gari, na alimtoa kwao akiwa amekaa mbele na vyungu vya mama yake magotini. Walipata binti mmoja, Shamimu, akaolewa Songea. Mwanahamisi hakulionea wivu gari, ingawa wanawake wa mtaani walimwambia ana mke mwenza wa chuma. Alishona turubai lilipochanika. Alishika taa ya mkono mumewe akiwa uvunguni, akamsomea habari za mjini ili asilale huko chini. Kassimu, ambaye hakuwa mtu wa maneno matamu, alimpenda mke yule kiasi kwamba kumwona amekaa kimya tu kulimtosha.

Figo zilipomshinda Mwanahamisi, alikonda upesi. Mwezi wa tatu mwaka jana, mvua zikiwa hazipumziki, alimwita Kassimu kitandani, akamwomba jambo moja. Alisema asizikwe mjini kati ya watu asiowajua. Kule Kitaya, pembeni mwa kaburi la mama yake, palibaki nafasi ya mtu mmoja, na dada yake Sharifa alikuwa ameitunza nafasi hiyo.

"Nirudishe kwa mama, baba Shamimu," alisema. "Mengine yote fanya unavyoona."

Kassimu akamwahidi. Ilikuwa ahadi yake pekee kwa mwanamke yule ambayo alikuwa na hakika nayo kabisa.

Mwanahamisi alifariki siku ya Jumatano baada ya alfajiri. Kassimu akampigia Sharifa, na Kitaya wakaanza kuchimba kaburi. Wanawake wa mtaani walimwosha, wakamvika sanda, na saa nne asubuhi alikuwa tayari kusaliwa. Elisha akaja na habari njema. Kazini kwao wamekubali kutoa Land Cruiser mpya pamoja na dereva, gari refu la kupita majini, lipo barabarani linasubiri. Kwa gari hilo wangefika Kitaya saa saba, kabla ya mvua ya mchana.

Kassimu alishukuru, akakataa. Alisema Mwanahamisi alitoka kwao na Land Rover na atarudi kwao na Land Rover. Watu walioyasikia maneno hayo waliguswa, wengine wakafuta machozi, na hakuna aliyetaka kumbishia mfiwa. Elisha peke yake aliliinamia gari, akatazama uvunguni, akainuka bila kusema. Baadaye alijilaumu kwa kunyamaza kule kuliko alivyomlaumu Kassimu.

Walimsalia, wakaondoka saa tano na nusu. Jeneza lilikuwa nyuma chini ya turubai, Elisha na majirani wanne wamekaa pembeni yake wakilishika. Kwenye lami gari lilikwenda mwendo wake wa kila siku, ambao ni mwendo wa baiskeli yenye haraka. Walipoacha lami mvua ikaanza. Kassimu akaweka gia ndogo, magurudumu yote manne yakashika, na kwa saa nzima aliendesha kama ambavyo hajawahi kuendesha maishani mwake, akiyakwepa mashimo asiyoyaona kwa kuyakumbuka tu. Alikuwa analia, na alikuwa na fahari, vyote pamoja. Moyoni alikuwa akimwambia Mwanahamisi kwamba wanakaribia.

Walipita kijiji kidogo kinachoitwa Nampeta saa nane na nusu. Mbele yake ndipo barabara inashuka bondeni kabla ya kilomita kumi na mbili za mwisho. Gari liliteremka, likaingia kwenye mfereji uliokatwa na maji, gurudumu la mbele likazama na la nyuma likabaki juu. Hapo pakasikika sauti ambayo Kassimu hakuwahi kuisikia, si ya kupasuka hasa, ilikuwa kama mtu anayevunja muhogo mbichi gotini. Gari likabonyea katikati. Milango ikagoma kufunguka.

Alitokea dirishani, akalala kwenye tope, akatazama. Chesisi ilikuwa imekatika pande zote mbili nyuma ya kiti cha dereva. Kutoka kwenye ncha zile zilizokatika yalikuwa yanamwagika maji, ya kahawia, yenye vipande vya kutu vyepesi kama maganda ya vitunguu. Elisha alilala karibu naye. Akamwonyesha kwa kidole, taratibu, kitu ambacho Kassimu alikielewa kabla hajaambiwa. Waliolitengeneza gari lile waliacha matundu madogo chini ya chesisi ili maji yakiingia yatoke. Mafuta ya korosho yalikuwa yameyaziba yote. Miaka thelathini maji ya chumvi yaliingia yasiweze kutoka, na mwenye kuyafungia humo alikuwa Kassimu mwenyewe, kwa mkono wake, kwa bidii yake, kila msimu.

Elisha alipanda kichuguu kutafuta mtandao, akampata dereva wa Land Cruiser. Dereva alikuwa radhi kuja. Lakini walipotazama bondeni maji yalikuwa yameshaunganika, yamefunika majaruba na daraja dogo la magogo, na watu wa Nampeta walisema hakuna gari litakalovuka hapo mpaka kesho kutwa. Mchana huo huo, walisema, gari la kwenda mnadani lilipita bila shida. Lilipita saa saba. Kassimu alisikia saa hiyo vizuri sana.

Wakalibeba jeneza mabegani hadi msikitini Nampeta. Shehe wa pale, Saidi, kijana mwenye ndevu chache na adabu nyingi, alimweka Kassimu kando. Alimwambia kwamba maiti ameshasaliwa, joto ni kali, na kumweka siku mbili ili avuke bonde ni kumtesa. Kijiji kina makaburi, na watu wake wako tayari kuchimba. Kassimu alimsikiliza hadi mwisho. Aliomba simu, akampigia Sharifa, akamweleza. Sharifa akasema mzikeni, shemeji, nitafanyaje, na akakata.

Mwanahamisi alizikwa Nampeta kabla ya magharibi, kati ya mzee mmoja aliyekufa kwa kuumwa na nyoka na mtoto ambaye jina lake halikuandikwa. Wanakijiji waliomzika walikuwa watu wema. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona.

Kassimu alilala msikitini, au tuseme alijilaza. Katika kuyapitia maneno ya mkewe, neno kwa neno, aligundua jambo ambalo lilimvunja nguvu kabisa. Mwanahamisi aliomba mahali. Gari hakulitaja hata mara moja. Gari aliliongeza yeye.

Asubuhi aliwaambia wenzake warudi mjini. Elisha alitaka kumsindikiza akakataa, akamwachia funguo za gari, ingawa hakukuwa na cha kufungua. Mvuvi mmoja alimvusha bonde kwa kimtumbwi ambacho kisingebeba jeneza, na zilizobaki akatembea, kanzu imeganda tope hadi kiunoni. Alikuwa anakwenda kuomba radhi. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, na kwa kweli alikuwa anakutamani kutukanwa huko.

Alifika Kitaya karibu na adhuhuri. Nyumbani kwa Sharifa hapakuwa na mtu, mtoto wa jirani akamwelekeza makaburini. Aliwakuta wanaume saba wamesimama kuzunguka kaburi lililochimbwa jana. Sharifa naye alikuwepo. Kwa kawaida mwanamke hafiki pale, lakini siku hiyo hapakuwa na maiti, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumzuia. Miguuni mwao ulilazwa mgomba uliokatwa, umemenywa maganda ya nje, mweupe, unachuruzika maji.

Kassimu alielewa. Watu wa huko hawalifukii kaburi tupu. Kaburi lililofunguliwa likaachwa bila mtu, wanasema, litamtafuta mwingine wa nyumba ile ile, kwa hiyo hupewa mgomba ulale badala yake. Mgomba ule Sharifa aliupima kwa urefu wake mwenyewe, kwa kuwa yeye na mdogo wake walikuwa kimo kimoja.

Akaanza kusema nisamehe. Sharifa alinyanyua mkono, hakumwacha amalize. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu.

"Shuka, shemeji," alisema. "Nani mwingine ampokee?"

Akavua viatu, akashuka. Mle ndani palikuwa na baridi, na ukuta wa kushoto ulikuwa upande wa mama mkwe wake, udongo wake mwekundu zaidi. Wanaume wawili wakauteremsha mgomba, akaupokea kwa mikono miwili kifuani. Ulikuwa mzito. Ulikuwa mzito kuliko Mwanahamisi alivyokuwa jana, na maji yake yalimlowesha kifua chote.

Akaulaza kwenye mwanandani, taratibu, kwa ubavu wa kulia. Akausogeza uelekee kibla. Akachukua bonge la udongo akaliweka chini ya ncha moja, mahali ambapo kichwa kingekuwa, na wale wanaume saba wakangoja na majembe yao mpaka alipomaliza.