Uwanja Usiotiwa Majivu

Harufu ya samadi mbichi ikikandwa na majivu hunirudisha utotoni papo hapo. Juzi mke wa mwanangu alikuwa akisiriba uwanja wa kupuria mawele nyuma ya nyumba, ameinama, mikono imezama hadi viwiko, nami nikamuuliza kutoka kitini pangu kama ametia majivu. Alicheka. Swali hilo namuuliza kila mwaka, na kila mwaka ananijibu kwamba bila majivu mchwa watakula samadi na uwanja wote, na kwamba hata mtoto wa Mbeere analijua hilo. Ni kweli. Lakini mimi nilimjua mwanamke aliyeyaacha makusudi.

Mwanamke huyo alikuwa nyanya yangu, mama yake baba, ambaye kama watoto wote wa kwetu nilimwita Cucu. Alikuwa mfupi, mwenye pua pana na mapenzi makubwa ya ugoro, na mdomo ambao haukuwahi kukosa jibu. Mimi ndiye niliyepewa jina lake, kwa hiyo hakuniita mjukuu. Aliniita "mwenzangu," nami nilitembea kijijini nikijiona mtu mzima.

Ilikuwa miaka ya Emajensi, Wazungu walipotangaza hali ya hatari na kuwasaka wapigania uhuru. Mzungu mmoja wa jeshi alikuja huku kwetu nyanda za chini, upande wa Siakago, akatafuta mahali tambarare pa kutua ndege, na mahali tambarare kuliko pote palikuwa shamba la Cucu. Cucu aliambiwa atarudishiwa vita vikiisha. Kisha yeye na wanawake wenzake wakalazimishwa kulisawazisha kwa mikono yao wenyewe, bila malipo, chini ya mnyapara aliyeitwa Kithaka. Walifyeka vichaka, wakang'oa visiki, wakabeba mawe kwa migongo. Nami nilikuwepo kila siku, kwa sababu mama pia alikuwa kazini na nyumbani hapakuwa na wa kuniangalia. Nakumbuka vumbi jekundu kwenye kope zao, na ladha ya uji uliochacha tulioupitisha kwa kibuyu kimoja mkono kwa mkono.

Ndege zilipoanza kutua, mimi nilizipenda. Sasa naona haya kidogo, lakini nilikuwa mtoto, na ndege zile ziling'aa. Ziliruka asubuhi zikielekea mlimani, Kirinyaga, na baadaye tukasikia ngurumo. Siku moja nilimuuliza Cucu kama mvua inakuja. Alikuwa ameacha kutafuna, mkono umesimama njiani kuelekea kinywani.

"Si mvua," akasema.

Mwanawe wa mwisho, baba mdogo Njue, hakuwepo nyumbani. Mimi niliambiwa amekwenda kuchunga ng'ombe ng'ambo ya Tana, habari iliyonisumbua kwa sababu ng'ombe wetu wote walikuwa zizini. Watu wazima walijua ukweli: Njue alikuwa msituni, kule kule ndege zilikokwenda. Cucu alikuwa akiwasafishia njia watu waliokwenda kumuua mwanawe, na akikataa atapigwa, au atafungwa, na mwana atabaki vile vile msituni.

Kiangazi kikakolea, vumbi likaanza kuingia kwenye mitambo, na Mzungu akalalamika. Ndipo Kithaka akapata wazo lake. "Usiribeni kama uwanja wa mawele," akawaamuru wanawake. Wazo halikuwa baya. Lakini Kithaka alikuwa mwanamume, na kwetu mwanamume hasiribi uwanja. Alikuwa ameona nyanja ziking'aa maisha yake yote, akapura na kula mawele yake, bila kuuliza hata mara moja ndani ya ule ukandiko mna nini.

Samadi ikatoka kila zizi. Wanawake waliinama safu kwa safu, wakiimba, na uwanja ukawa laini mpaka Mzungu akaupapasa kwa kiganja na kutabasamu. Mimi nilitafuta majivu, sikuyaona. Nikamwangalia Cucu kwa huruma. Nilifikiri uzee umemwingia, na kwamba uwanja ukiharibika Kithaka atamchapa. Basi nikakimbia nyumbani, nikazoa majivu yote ya mekoni, nikajaza kibuyu kikubwa, nikarudi nimekibeba kichwani huku majivu yakinimwagikia machoni.

Nilipofika, wimbo ulikatika. Wanawake walinitazama, kisha wakatazama chini. Kithaka akanijia, fimbo kwapani.

"Umebeba nini, mtoto?"

"Majivu," nikasema kwa fahari. "Ya Cucu."

"Ya nini?"

Nilifungua kinywa nimweleze, maana mambo ya uwanja niliyajua sana. Lakini Cucu alikuwa ameshafika, samadi ikimchuruzika vidoleni, akanitangulia.

"Ya kuchanganyia ugoro wangu," akasema. "Tumbaku ya mwaka huu ni kali, inanichoma."

"Kibuyu kizima, Cucu?"

"Wewe si unaiona pua yangu, mwanangu? Hii utaishibisha kwa kijiko?"

Wanawake waliangua kicheko, na hata sasa nikikumbuka naona kilikuwa kikubwa kuliko mzaha wenyewe. Kithaka naye akacheka. Kisha akakinga kiganja, kwa kuwa alikuwa mraibu kama yeye, akapewa ugoro, akapiga chafya mpaka machozi yakamtoka, akaenda zake. Jioni Cucu alinirudishia kibuyu kikiwa kimejaa.

"Mwenzangu," akasema, "majivu ya nyumba hii ni ya uwanja wa nyumba hii. Umesikia?"

Nilisikia, lakini sikuelewa. Nilinuna njia nzima, maana kibuyu kilikuwa kizito.

Mvua zilipoanza, mchwa walifika kama walioalikwa harusini. Walikula samadi, wakachimba chini yake, na nyuma yao akaja mhanga, mnyama mla mchwa ambaye hatukumwona hata mara moja ila mashimo yake, kila asubuhi mapya, mengine ya kumtosha mtoto. Kithaka akaamuru yajazwe. Wanawake, watu watiifu, wakayajaza samadi. Mwishowe ndege moja ilitua, gurudumu likazama, ikainamisha pua ardhini mkia ukiwa juu. Rubani alishuka mzima, akakuna kichwa. Mzungu alimfokea Kithaka, Kithaka akawafokea wanawake, na wanawake wakamwambia kwa upole kwamba mchwa hawana chifu. Ndege zikahamishiwa mbali, na msimu wote ule asubuhi zetu zikawa kimya.

Emajensi ilipokwisha, Njue alirudi, amekonda, mguu mmoja akiuburuta. Jioni moja alisimulia kwamba kulikuwa na msimu wa mvua ambapo mbingu zilitulia. Waliweza kushuka hadi ukingo wa msitu, wakapata viazi, wakapata nguvu. "Bila mvua zile nisingekuwa hapa," akasema.

Cucu alikuwa akipepeta mawele. Hakuinua kichwa. "Kumbe," akasema.

Hapo ndipo kibuyu kile kiliponirudia, na ule ukimya wa wanawake wote. Nilihisi baridi nikifikiri lile neno nililokuwa karibu kulitamka, na jinsi Cucu, mwanawe akiwa msituni, alivyolizima kwa mzaha kuhusu pua yake. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda jioni ile. Alinisukumia ungo. "Pepeta, mwenzangu," akasema, na hakuna mmoja wetu aliyelitaja jambo hilo tena. Shamba hakurudishiwa.

Sasa serikali inataka kuupanua uwanja ule wa ndege uwe wa ndege kubwa, wa kusafirisha maembe na muguka, yale majani ya kutafuna, wanasema. Wengine wanasema ni wa wanajeshi wa kigeni kufanyia mazoezi. Barazani mtu mmoja alisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwingine akamuuliza ni mgeni gani huyo anayekuja na bunduki. Wiki iliyopita kijana mpima ardhi alinijia, mwenye heshima zake, akapiga magoti kando ya kiti changu.

"Cucu," akasema, "wameniambia wewe ndiye unayelijua shamba hili. Eti lina mchwa?"

Nilimwangalia. Nyuma yangu mke wa mwanangu alikuwa akisiriba, na harufu ya majivu ilikuwa nzuri.

"Inategemea, mwanangu," nikamwambia, "ni nani anayetaka kutua."