Nilitengeneza mashine ya kupasua mbao, nikainyima maji

Wakuu, salamu kutoka Migwani.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma na kupita. Nimejifunza mengi kwenye nyuzi za mafundi humu bila kusema hata asante. Leo ni zamu yangu kusimulia, na nitaeleza vile ilivyokuwa, pamoja na sehemu ambazo nilionekana mjinga. Hizo ndizo nyingi.

Kazi yangu ni welding. Milango ya chuma, madirisha, mikokoteni ya punda. Mbao haikuwa fani yangu kabisa.

Kilichoniingiza kwenye mbao ni mlango wa mama yangu.

Mama, sisi humwita Mwaitu, anaishi Matinyani peke yake tangu baba aage. Nyumba ni ya matofali, imesimama vizuri, lakini mlango wa mbele ulikuwa mabati yaliyopigiliwa kwenye fremu dhaifu. Kufuli ilikuwa ya nje tu. Akishaingia ndani jioni, anausukuma na kuuzuia kwa mtungi wa maji wa lita ishirini, ukiwa umejaa.

Najua mnachotaka kuuliza. Wewe fundi wa milango, mama yako anajifungia kwa mtungi?

Nilimtengenezea mlango wa chuma mara mbili. Wa kwanza aliupeleka kanisani, ukafungwa kwenye stoo. Wa pili uko kwa zizi la mbuzi hadi leo. Mbuzi wa Mwaitu wana usalama kuliko yeye.

Shida ni kwamba alikuwa na mlango wake kichwani. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mti wa mukau aliopanda mimi nikiwa darasa la tatu, na siku hiyo alisema, "Huu ndio mlango wangu." Kwa msioujua, mukau ni mti wetu wa ukame, unakua haraka na mchwa hawasumbui mbao yake.

Basi mwaka juzi upepo ukauangusha.

(Kabla hamjaniuliza: ndiyo, kwa chifu tulienda, karatasi ya ruhusa ya kukata mti iko.)

Jirani yetu Mutua ana power saw, ule msumeno wa injini. Alikuja siku iyo hiyo, akaukata mti ukatoa magogo mawili mazuri ya futi saba. Akasema akipasua mbao hapo hapo tutamaliza kabla ya chai. Mimi nikapiga hesabu. Power saw inakula mbao. Kila inapopita, upana wa kidole umegeuka unga. Mlango ulihitaji mbao sita, nne za kusimama na mbili za kukata vipande vya kushikilia nyuma. Kwa power saw, gogo moja lingetoa nne, labda tano, na nusu zimepinda, kwa hiyo hata magogo yote mawili yangeweza kukosa sita zilizonyooka.

Nikamwambia Mwaitu anipe muda nitengeneze mashine ya blade nyembamba, ile ya mkanda unaozunguka kwenye magurudumu mawili. Nilikuwa nimeiona kwa simu. Kwa simu kila kitu ni rahisi.

Mwaitu akasema, "Nimengoja mti ukue. Nitashindwa kungoja mashine?"

Mashine ya kwanza ilikuwa aibu, wacha niseme ukweli.

Injini niliitoa kwenye pampu ya maji. Niliwahi kulima nyanya kando ya mto, mto ukakauka, pampu ikabaki inanitazama. Magurudumu yalikuwa rim mbili za gari na tairi zake zilizoisha. Reli ya kuipitishia juu ya gogo ni angle iron. Kupandisha na kushusha blade, niliweka bolt ndefu mbili, moja kila upande, unazungusha kwa spana.

Blade ilitoka kwenye magurudumu mara tatu asubuhi ya kwanza. Mara ya nne iliruka hadi kwa kuku. Kuku hakuumia, lakini hajawahi kuniamini tena.

Ndipo nikaelekezwa kwa fundi mmoja wa lathe, ile mashine ya kuchonga chuma, kule Makindu, Mzee Athman. Familia yake ilitoka pwani zamani, na yeye Kiswahili chake kimenyooka mpaka unaona haya kufungua mdomo. Aliangalia rim nilizompelekea zikizunguka, akafunga macho.

"Bwana mdogo," akasema, "magurudumu haya yanacheza ngoma. Blade itatulia vipi?"

Alinichongea magurudumu ya chuma, katikati yakiwa yameinuka kidogo sana, unahisi kwa kidole lakini huoni. Huo mwinuko ndio unaofanya blade ikae mahali pake. Nilikuwa nimehangaika miezi kwa kitu ambacho yeye alikitambua kwa kuangalia tu.

Improvement ya pili niliitoa kichwani mwangu na ninajivunia. Zile bolt mbili nilizifunga sprocket za baiskeli na kuziunganisha kwa chain moja. Ukizungusha upande mmoja, wa pili unafuata. Hakuna tena upande mmoja kuwa juu na mwingine chini. Kama mtatoka na kitu kimoja kwenye uzi huu, tokeni na hiyo chain.

Ya tatu ilikuwa maji. Hapa ndipo nilipopotea.

Blade inahitaji maji ili isipate moto. Hilo nilisoma. Nikafunga chupa ya soda juu, nikaweka bomba dogo la drip lililobaki kwa zile nyanya, na koki. Kisha nikakaa kuangalia maji safi yakidondoka kwenye unga wa mbao na kupotea mchangani, na moyo ukakataa.

Wakuu, mimi nimelelewa Matinyani. Nimeamka kabla ya shule kufuata punda mtoni. Kwetu mtoto alichapwa kwa kumwaga maji kabla ya kuchapwa kwa kusema uongo. Maji ya kuosha uso yaliosha miguu, ya miguu yakaenda kwa mboga. Mkono wangu ulifunga ile koki wenyewe. Nikaacha tone moja, unahesabu hadi tatu, tone lingine.

Na ilifanya kazi! Magogo madogo ya majirani nilipasua wiki kadhaa vizuri tu. Nikawa natamba kwamba mashine yangu inakunywa chupa moja kwa siku. Nilisema hivyo kanisani, watu wakapiga makofi.

Nikaona sasa niko tayari kwa mti wa Mwaitu.

Tulipeleka mashine Matinyani kwa pickup. Mwaitu alikuwa amefagia uwanja. Amevaa leso mpya. Amepika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, sufuria kubwa, kana kwamba kuna wageni wa harusi. Mutua naye alikuja na kiti chake mwenyewe, aone.

Gogo la kwanza lilikuwa pana kuliko yote niliyowahi kupasua, na lilikuwa limekaa likakauka. Mbao ya kwanza ilianza imenyooka. Ikifika katikati, blade ikazama chini kidogo, kisha ikapanda. Nilipoiinua, upande mmoja ilikuwa nene kama tofali na katikati nyembamba kama kadi ya harusi.

Nikafikiri blade imelegea. Kweli ilikuwa imelegea. Nikakaza tension. Mbao ya pili ikawa mbaya zaidi. Nikakaza tena. Ya tatu ilikuwa na mawimbi ungeweza kufulia nguo.

Gogo likaisha hivyo. Sikupata mbao hata moja ya mlango.

 Mwaitu alipitisha mkono juu ya ile mbao ya mawimbi, taratibu, kisha akatuita tule. Heri angenigombeza. 

Tukiwa tunakula, mashine imezimwa, hakuna mtu karibu, tukasikia PAA!

Blade ilikuwa imekatika yenyewe.

Mutua aliweka sahani chini. "Mimi niliwaambia. Hiyo mashine iko na pepo. Mwaitu, wacha mimi nipasue hiyo gogo ingine na power saw, upate hata mbao nne."

"Nne si mlango," Mwaitu akasema.

"Utamalizia na mabati."

Mwaitu akanigeukia. "Gogo ni hili moja limebaki. Wewe unasema nini?"

 Nilimwambia anipe siku tatu.

Nikaenda Makindu na vipande vya blade kwenye gunia. Mzee Athman alivaa miwani, akageuza kipande kwenye mwanga wa mlango. Akanionyesha ukingo wa meno. Ulikuwa na rangi ya buluu.

"Hii imeungua," akasema. "Chuma kikipata moto hurefuka. Kikirefuka, blade hulegea na kutangatanga. Wewe ukaikaza ingali na moto. Ulipokwenda kula ikapoa, ikajikunja, haina pa kwenda, ikakatika. Hapana pepo hapo. Uliitia maji kiasi gani?"

"Chupa moja."

"Kwa saa?"

Nikainamia gunia langu. "Kwa siku."

Alivua miwani. Alicheka mpaka akashika meza ya lathe. "Lahaula! Nyinyi Wakamba! Yaani blade nayo umeifungisha saumu?"

Nilicheka pia, lakini nikiwa njiani kurudi sikuwa nacheka. Mimi ni fundi wa chuma. Kila siku naona chuma kikirefuka kwa moto. Hilo nilikuwa nalijua, na bado mkono ulifunga koki.

Siku ya tatu nikarudi Matinyani na blade mpya. Niliondoa chupa nikaweka ndoo, bomba nene kidogo. Nikamweleza Mwaitu alichosema mzee. Mutua alikuwa kwenye kiti chake, power saw miguuni, tayari ina mafuta.

Nikamimina maji kwenye ndoo. Nusu. Nikafungua koki kidogo tu. Wakuu, najua, najua. Lakini yalikuwa maji ya Mwaitu, ya kununua kwa mtu wa punda, na ilikuwa kiangazi.

Mwaitu aliniangalia. Akaingia ndani ya nyumba. Akatoka anaburuta mtungi, ule wa nyuma ya mlango. Nilikimbia kumsaidia, akaniondoa mkono.

Akaniambia, kwa Kikamba, nawawekea kwa Kiswahili: "Ukiwa mdogo ulilia maji, na mimi nikayapeleka kwa huu mti. Unakumbuka?"

Nikakumbuka. Ilikuwa mwaka wa njaa. Nilitoka shule na kiu, nikamkuta akimwagia kile kijiti kikombe kizima. Nililia kwa hasira. Nilikuwa nimesahau kabisa, au nilijifanya.

"Baadaye wewe ulikunywa yako, mti ukanywa yake," akasema. "Leo unakuja kuupimia kwa matone?"

Kisha akaniambia nijaze ndoo kwa mtungi huo, akainama, akashika koki mwenyewe, akaifungua yote.

Nikawasha injini. Maji yakatiririka. Sikuweza kuyaangalia, niliangalia blade tu. Iliingia kwenye gogo ikaenda, ikaenda, ikatokea upande wa pili. Nilipoinua mbao ya kwanza ilikuwa imenyooka kuanzia mwanzo hadi mwisho, nyekundu kidogo, imelowa. Mutua alisimama akaja kuipima kwa macho, jicho moja amefunga. Akarudi, akabeba kiti chake na power saw yake.

"Pepo imeokoka," akasema. "Nitarudi nikisikia chai."

Mbao zilitoka sita. Hakukuwa na ya saba.

Mtungi uliisha kwenye mbao ya nne, nikaenda kununua mwingine bila kuuliza.

Baadaye nimeongeza kitu ambacho mnaweza kuiga. Chini ya blade nimeweka gata la mabati linalokusanya maji, yanapita kwenye kitambaa cha kuchuja unga, yanaingia kwa ndoo ya chini. Ikijaa narudisha juu. Sabuni kidogo ya kuoshea vyombo ndani ya maji inasaidia uchafu usigande kwenye blade. Sasa mtungi mmoja unanitosha siku nzima, na koki iko wazi. Ukiwa na ubahili, uweke kwenye gata. Usiuweke kwenye koki.

Mlango tulisubiri mbao zikauke, kisha nikaufunga. Bawaba ni za kwangu, hapo angalau Mwaitu alikubali chuma. Komeo liko ndani.

Jioni ya kwanza nilikuwa nimesimama nje naokota vyombo vyangu. Mwaitu akaingia, akafunga. Nikasikia komeo likiteleza. Kisha likafunguka. Kisha likateleza tena. Alirudia mara tano au sita. Mimi nilisimama pale na spana mkononi, machozi yananitoka, na sioni haya kuwaandikia.

Asubuhi nilimkuta ametoa ule mtungi nje. Alikuwa akimwagia mche wa mukau aliopanda karibu na kisiki. Nikamuuliza huo nao ni wa nini, mlango si ameshapata.

"Huu ni wa dirisha," akasema.

Basi wakuu, funzo langu ni fupi. Mashine yangu haikuharibiwa na chuma wala injini. Iliharibiwa na kitu kizuri nilichofundishwa nyumbani, nikakitumia mahali si pake. Kagueni mikono yenu pia, si bolt tu.

Ile mbao ya mawimbi nimeitundika workshop. Mteja akiuliza, namwambia hiyo ni sahihi yangu ya zamani.

Wenye mashine kama hii, karibuni mseme: nyinyi mnatumia maji kiasi gani kwa siku? Mwaitu ananiuliza kila nikienda kama huko kwa simu kuna mwingine aliyefanya kama mimi, na ningependa sana nisiwe peke yangu.