Mrija wa Saba wa Glafira

Kwa miaka kumi na tisa Glafira Antonovna alikuwa akipuliza kioo katika taasisi moja ya fizikia mjini Minsk. Fizikia hakuisoma. Lakini mirija ya leza ya hewa ukaa, mingine mirefu kumpita yeye, yote ilipita kwenye moto wake, naye aliijua mmoja mmoja.

Kiangazi cha mwaka 1974 mirija ikaanza kumwangusha. Ukiuwasha mmoja, leza inatoka na nguvu zake zote. Zikipita saa tano, imenyong'onyea. Mkuu wa maabara, Vikenti Lvovich, akashuka ngazi hadi karakana.

"Glafira Antonovna, mirija yako inavuja. Hewa ya nje inaingia."

"Inavuja?" Glafira akazima moto taratibu. "Ningekuwa nafanya kazi ya kuvuja, saa hizi ningekuwa sokoni nauza matango. Nionyeshe hiyo hewa."

"Haionekani kwa macho."

"Basi kile chombo chako cha kuchambua mwanga, unachokisifu asubuhi na jioni, kina kazi gani?"

Wakapanda wote wawili hadi maabara. Ndani ya mrija mlikuwa na hewa ukaa na heliamu tu. Kama hewa ya nje imepenya, alieleza Vikenti, naitrojeni, iliyo nyingi hewani, lazima iache mistari yake kwenye picha ya mwanga. Wakapiga picha mrija ulipowashwa, na nyingine leza ilipofifia. Mabamba ya picha yalipokauka, Vikenti akayainamia na kioo cha kukuzia, akayakagua mstari kwa mstari.

"Hiyo naitrojeni imejificha wapi?" Glafira akauliza.

"Haipo. Iliyojaa hapa ni monoksidi ya kaboni. Umeme unaivunja hewa ukaa yenyewe, na vipande vyake havirudiani. Niwie radhi."

"Yamekwisha. Ila siku nyingine uanze na picha, ndipo uje na maneno."

Wiki ile wakaipima mirija yote. Sita ilifanana. Wa saba ulifanya kazi siku mbili bila kuchoka, na mistari ya monoksidi ilionekana kwa shida. Vikenti akashuka ngazi mbilimbili.

"Huu umewapita wenzake wote! Uliufanyaje?"

Glafira alihisi uso ukimchoma. Kila mrija sharti ukaushwe kwenye tanuri siku nzima, pampu ikivuta, mpaka unyevu wote utoke. Alikuwa ameombwa radhi juzi tu. Angenyamaza, nani angejua? Lakini akamgeukia Vikenti.

"Huo sikuukausha sawasawa," akasema. "Ilikuwa Ijumaa, nikawahi basi la kwenda msituni kuchuma uyoga. Ulikaa tanurini kwa saa mbili tu. Niandikie onyo, sina ubishi."

Vikenti hakukasirika. Aliketi juu ya sanduku la vioo.

"Kwa hiyo ulibaki na unyevu."

"Kidogo."

"Ndicho hicho kidogo. Mvuke wa maji unavirudisha vile vipande pamoja."

"Kumbe maji ni mshenga," Glafira akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.

Wakatia mvuke kidogo, kwa kipimo, katika mrija mwingine uliokaushwa vizuri. Siku ya tatu leza ilikuwa bado na nguvu zake zote. Makala ya utafiti huo ilipotoka, jina la Glafira liliwekwa pamoja na majina ya watafiti, si kwenye shukrani. Alimsomea mumewe ukurasa huo mara mbili, kisha akakiri kwamba hakuelewa hata sentensi moja, ila picha zile za mistari alizisoma zote.