Siku Niliyomrudisha Mke Wangu Kibondo

Nianze na ujinga wenyewe, maana nikianzia mbali mtadhani najitetea. Asubuhi moja ya siku ya gulio nilisimama kwenye njia inayopanda kuja kwetu, nikamwambia mama mmoja mzee, mwenye kikapu cha mihogo kichwani na haraka ya kufika nyumbani kwetu, kwamba asijisumbue.

"Mke wangu nimemrudisha kwao Kibondo," nikasema.

Halafu sikucheka. Kusema vile halikuwa kosa kubwa. Kosa ni kutocheka.

Msiojua mambo yetu mtashtuka: niko kidato cha tatu, mke nimempata wapi? Mke wangu ni bibi yangu mzaa mama. Kwetu bibi na mjukuu wake wa kiume ni watani. Yeye ananiita mume wangu, mimi namwita mke wangu. Mimi namlaumu kwa ugali mbichi hata kama kapika mama, naye ananitishia kwamba ataniacha aolewe na mwanaume mwenye pikipiki. Utani huu una sheria moja tu: ukishasema uongo wako, unacheka, ili mwenzio ajue auweke wapi. Uongo usiochekwa unakuwa taarifa.

Bibi aliletwa na mjomba, kwa basi, kutoka Kibondo. Maelezo yalikuwa mafupi: "Tangu mzee afariki, huyu hasemi." Mjomba akashusha gunia la maharage, akamshusha bibi, akanywa maji, akaondoka. Hapa Heru Juu tulimpa kitanda chumbani kwa mama. Akalala akiutazama ukuta. Ukimpelekea migebuka, samaki ambao zamani alikuwa anawaota, anagusa mkia na kurudisha sahani. Majirani walisema ni uzee. Mmoja akasema tuangalie vizuri, huenda kuna mkono wa mtu. Mama alisema ni mawazo, na kwamba mawazo hayana sindano.

Tena kulikuwa na tatizo la salamu. Bibi anasalimia kwa Kiha cha zamani, na salamu yake si kitu cha kusema ukiwa unatembea. Akisema "Mwakeye", yaani mmeamkaje, hapo ni kama amewasha injini tu. Safari bado. Anakushika mikono karibu na viwiko, anauliza nyumba, anauliza watoto, mvua, mbuzi, wagonjwa, waliobaki kule ulikotoka, na kila swali linataka jibu na swali la kurudishiwa. Sasa huku kwetu, karibu na mji wa Kasulu, watu wana haraka. Vijana wanamjibu "Poa, bibi!" na wakishamaliza hiyo poa wako barabarani. Bibi anabaki na mikono yake hewani kama mtu aliyetupiwa mpira usifike. Baada ya muda akaacha kuinyoosha.

Ndipo nikaingia mimi, daktari wa kicheko. Nilianza kwa kumwigiza mwalimu wetu wa nidhamu, jinsi suruali inavyomshuka akikimbiza wachelewaji. Kimya. Nikamwigiza mchungaji akitoa tangazo la mbuzi aliyepotea, anaombea mbuzi, anamsamehe mbuzi, halafu anakumbuka mbuzi ni wake. Ukuta ukatikisika kidogo. Kumbe si ukuta, ni mgongo wa bibi. Akageuka, akasema, "Mume wangu, utaniua."

Jamani. Mimi darasani hesabu zinanipiga, mpirani nakaa benchi, ila siku hiyo nilitembea kama waziri. Tangu hapo kila nikitoka shule nilikuwa na onyesho. Bibi akaanza kukaa nje, kwenye kizingiti. Akaanza kula. Mama akawa ananiongezea nyama bila kusema ni ya nini. Nikajua nyumba hii imesimama kwa sababu yangu, na nikaizoea hiyo hali.

Halafu akatokea huyo mama wa mihogo.

Wazazi wake walitoka Burundi zamani. Yeye ni raia wa siku nyingi, mjane, analima ng'ambo ya kijito. Alipita kwetu siku ya gulio akiuza mihogo mibichi. Bibi, kutoka kizingitini, akasema "Mwakeye" kwa mazoea tu, mikono akiwa ameikalia. Yule mama akatua kikapu. Akakitua kabisa, chini, kama mtu aliyefika. Akamnyooshea mikono yote miwili.

Mimi nilikwenda kuchota maji, nikapanga foleni, nikagombana na mtu kwenye foleni, nikarudi na ndoo. Walikuwa wamefika kwenye mbuzi.

Siku ile ile walianza kubishana. Bibi anasema Kirundi cha mwenzake kinaruka-ruka kama panzi. Mwenzake anasema Kiha cha bibi kinaburuta miguu kama mlevi. "Ninyi mliiba lugha yetu mkaisahau njiani!" "Sisi? Ninyi ndio mliidondosha mpakani!" Na bibi akacheka. Sikilizeni vizuri hapa. Hakucheka kile kicheko changu cha mgongo kutikisika. Alicheka akipiga mapaja, kitambaa cha kichwa kikamtoka, akalia machozi, akamshika mwenzake begani asianguke. Nilikuwepo, ndoo kichwani, maji yananimwagikia shingoni. Nikajiuliza: mimi nimetoa mchungaji mzima na mbuzi wake nikapewa mgongo, huyu kwa panzi tu anapewa hayo yote?

Nilimchukia papo hapo. Nilichukia hata kikapu chake.

Akawa anakuja kila gulio. Akinikuta ananitania naye, ili nisiachwe nyuma: "Shemeji, nimekuja kukaa na mkeo, una la kusema?" Ningecheka mambo yangeisha. Mimi nikajibu, "Gari la kurudi lipo?" Akacheka yeye. Hata majibu yangu makali alikuwa anayageuza chakula.

Nikaongeza juhudi. Niliazima simu ya mama, nikamalizia bando lake kutafuta vichekesho vya kumwonyesha bibi. Aliangalia kimoja, akauliza, "Huyu kijana kwao wanajua anavyovaa?" kisha akachungulia njia kama mwenzake anakuja.

Siku iliyonimaliza ilikuwa ya mvua. Nilirudi shule mapema, nikawakuta ndani wameketi kwenye mkeka, magoti yakigusana, na hawacheki. Bibi alikuwa anasimulia juu ya babu. Anasema alfajiri bado anaamka kumsogezea viatu karibu na mlango, na akishavisogeza ndipo anakumbuka. Anasema kule Kibondo alikuwa na aibu kumwambia mtu, wasije wakasema kichwa kimeharibika. Yule mama akasema, "Mimi wangu nilikuwa namwekea chakula. Mwaka mzima. Asubuhi nakula mwenyewe kilichopoa."

Sikuwahi kujua habari ya viatu. Mimi mume! Chumba cha mama ukuta mmoja na changu, na sikujua. Kwa hiyo nikafanya kile ninachokijua. Nikaruka katikati yao, nikapandisha suruali, nikawa mchungaji. Nilifika kwenye kumsamehe mbuzi, bibi akanitazama kwa upole, upole mbaya, akasema:

"Mume wangu, nenda kacheze."

Kacheze! Kama mtoto wa chekechea. Nilitoka na mvua ile ile. Na gulio lililofuata ndipo niliposimama njiani, nikasema niliyoyasema.

Yule mama alisita. "Kibondo? Amekwenda bila kuaga?"

"Ndiyo hivyo," nikasema, uso kama wa mtu anayetoa taarifa ya msiba.

Akainamisha kichwa kidogo, kikapu kikainama naye. Akageuka akashuka. Nilijiambia: utani tu huu, wiki ijayo nitamwambia. Wiki iliyofuata hakupita. Njia yetu ilikuwa ya kupanda bure. Ya mkato inapita bondeni moja kwa moja hadi sokoni. Kumbe siku zote alikuwa anapanda kilima kwa ajili ya salamu.

Bibi alikaa kizingitini na kitenge chake kizuri hadi gulio likaisha na watu wakarudi na vikapu vitupu. Akaniuliza, "Mwenzangu hujamwona?"

Hapo nilikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake ulimi wangu, huu huu unaosifiwa shuleni, ukasema, "Labda amepata mwingine wa kusalimiana naye."

Alivua kile kitenge kizuri, akakikunja.

Nilitegemea sasa atanirudia. Nilimwandalia onyesho jipya, la fundi cherehani mwenye kigugumizi. Alicheka, lakini alicheka kama mtu anayemshukuru mgeni kwa zawadi isiyomtosha. Kesho yake hakucheka. Halafu akarudi ukutani. Sahani zikaanza kurudi zimejaa. Mama akampeleka kupimwa, presha ikaonekana nzuri, akarudi nayo hiyo presha nzuri na kulala. Akawa anaomba jambo moja tu: mjomba aje amchukue. Alifunga nguo zake kwenye shuka akaliweka lile furushi miguuni pa kitanda.

Asubuhi moja nikiwa napiga mswaki nyuma ya nyumba nikamsikia anasema, "Mwakeye." Nikachungulia. Alikuwa amemshika mbuzi wetu masikio yote mawili, kwa adabu, karibu na shingo. Anamuuliza nyumba. Anamuuliza watoto. Anamjibia, kisha anamuuliza tena. Mbuzi akatoa sauti, na mimi nikacheka, povu likanipanda puani. Nilipomaliza kukohoa alikuwa bado anaendelea. Alifika kwenye wagonjwa. Alifika kwenye waliobaki kule alikotoka. Hakuruka hata swali moja, na hakuwa anatania, maana hakucheka.

Nilipogeuka mama alikuwa nyuma yangu. Naye aliona. Akaongea polepole, na mama akiongea polepole ni bora apige kelele.

"Nenda ng'ambo kwa yule mama wa mihogo. Mwambie mwenzie anaumwa. Sijui walikosana nini, ila mwambie aje."

"Sasa hivi?"

"Unataka nikuandalie msafara?"

Nilishuka nikavuka kijito nikipanga uongo wa kuufunika ule wa kwanza. Bibi amerudi jana. Basi liliharibika. Nilimkuta anamenya mihogo nje ya nyumba yake. Aliponiona, kisu kikasimama.

"Shemeji. Kibondo wazima?"

Uongo wangu wote ukajipanga mdomoni, ukagombania mlango, hakuna uliotoka. Nikasema, "Hakwenda."

"Nani hakwenda?"

"Bibi. Yupo. Nilikuwa natania. Sasa hali chakula, na leo amemsalimia mbuzi."

Alinitazama. Nilitamani anirushie muhogo.

"Mimi nimemkasirikia mtu mzima mwenzangu," akasema. "Nikasema, mtu gani huyu, tumeshikana mikono hivi, anaondoka bila kuniaga. Nimemsema vibaya hata kwenye maombi yangu." Akaweka kisu chini, akaingia ndani kubadili kitenge. Njia nzima hakunisemesha. Kwenye kilima alipumzika mara kwa mara, mkono kiunoni, na kila akipumzika mimi nilisoma majani ya miti.

Bibi alikuwa kitandani. Tulipoingia akakaa, akamtazama mgeni, na akasema kwa Kiswahili safi cha ofisini, "Habari za siku nyingi."

Kiswahili! Bibi alikuwa anatumia Kiswahili kwa watu wa serikali na wauza dawa za panya tu. Mikono yake ilikuwa chini ya shuka.

"Mumeo," akasema yule mama, na akaniita kwa kidole nisogee, "aliniambia amekurudisha kwenu."

Bibi akanigeukia. Nilikuwa nimekariri mchungaji, mwalimu, fundi cherehani. Hakuna hata mmoja aliyekuja kunisaidia.

"Ulimwambia umenirudisha?"

"Ndiyo."

"Na mimi ukaniambia amepata mwingine."

"Ndiyo, bibi." Sikuthubutu kusema mke wangu.

"Kwa nini?"

Nikaangalia vidole vyangu vya miguu. "Ulinifukuza nikacheze."

Bibi akamwambia mwenzake, kana kwamba mimi sipo, "Unaona nilivyoolewa vibaya?" Na akatoa mikono chini ya shuka. "Mwakeye," akasema, ingawa ilikuwa tayari mchana. Wakaanza upya, kutoka nyumba, kutoka watoto, na mimi nikarudi nyuma hadi mlangoni, kwa sababu katika yale maswali yote hakuna lililonihusu.

Nilisimama pale nikiwaangalia. Ningependa kusema wivu uliisha. Haukuisha. Bibi alikuwa anasimulia kitu kwa sauti ya chini na yule mama anaitikia, na ningetoa hata viatu vyangu vya mpira kujua ni nini. Ndipo nikamhisi mama amesimama pembeni yangu. Alikuwa amesikia yote. Nikakaza shingo kusubiri kofi. Hakulitoa. Naye alikuwa anawatazama wale wawili, kisha akasema hivi, sijaongeza wala kupunguza:

"Unadhani unaona wivu peke yako? Mimi amenizaa, nalala naye chumba kimoja, na hayo anayomwambia yule mama sijawahi kuambiwa hata robo. Inaniuma kuliko wewe. Kalete kiti cha mgeni, halafu uondoke mlangoni, unawazibia mwanga."