Bibi wa Jotham

Jotham alikuwa mlinzi wa lango la kiwanda kimoja Dubai Investments Park, na kwa wengi hiyo ingetosha kuwa kazi. Yeye Jumapili alikuwa na safu ya vichekesho katika gazeti dogo la kwao Kitale, Kenya, na Ijumaa, zamu ikimruhusu, alishika kipaza sauti katika mkahawa mmoja wa mtaa wa Al Rigga akawachekesha Waafrika Mashariki waliochoka kama yeye. Mcheza kwao hutunzwa, lakini Jotham alicheza ugenini, akatunzwa sahani ya biriani na kupigwapigwa bega.

Mtaji wake ulikuwa Kiswahili chenyewe: jinsi Mkenya anavyoomba kama anayeamuru, na Mzanzibari anavyoamuru kama anayeomba.

Asubuhi moja simu ikapigwa kutoka nyumbani. Mkewe, Teresiah, ameugua ghafla na amefariki. Jotham akaenda ofisini kwa Mwarabu aliyekuwa mkubwa wao. Mkalimani alikuwa Mzee Abdullatif, wa ukoo wa Kizanzibari uliolowea Dubai zamani, aliyehamishiwa kiwandani hapo majuzi tu.

“Mzee, mwambie sir bibi yangu amefariki. Naomba niende nimzike.”

Abdullatif akatafsiri, akasikiliza, akamgeukia kwa upole. Sir anasema pole, ila kwa msiba huu kanuni ya kiwanda haitoi likizo. Khalas, basi. “Nawe usilie sana, mwanangu. Wa umri wake wengi wameshatangulia.”

Teresiah hakuwa amefika hata arobaini. Maneno yale yalimchoma Jotham, lakini hakuuliza kitu. Alishazoea kukataliwa, na aliyezoea kukataliwa haulizi sababu.

Mazishi aliyaona kwenye simu aliyoiegemeza kidirishani mwa kibanda, huku akiinua kizuizi kila lori lilipopiga honi. Udongo wa kwanza ulipomwagwa hakuuona. Alikuwa akisoma namba ya lori.

Juma lile hakuwa na kichekesho cha kuandika. Aliandika habari za bibi yake, na mhariri, kama kawaida yake, akakisafisha Kiswahili: kila penye “bibi” akaweka “mke.” Abdullatif alikuwa hakosi kuisoma safu ile mtandaoni. Jumapili hiyo alikuja langoni kwa miguu, juani, simu mkononi.

“Mwanangu, hukuniambia mke.”

“Nilikuambia bibi, mzee.”

“Bibi kwetu ni mama yake mama. Wa mke ndio wenye likizo.”

Jotham angeliona shimo hilo akiwa jukwaani, angelichezea mpaka watu waombe maji. Siku ya msiba wake hakuliona. Abdullatif akarudi mbio kwa mkubwa, naye akasema pole mara ya pili, na kwamba mazishi yakishapita, likizo yake nayo imepita. Mzee alilia kuliko mfiwa.

Ijumaa moja Jotham akayasimulia yote mkahawani, na watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Tangu hapo kila alipopanda waliidai “ile ya bibi.” Iliuma, tusidanganyane. Lakini ndiyo njia pekee aliyobaki nayo ya kumtaja mkewe mbele ya watu, na makofi yalimpa kitu kilichofanana na rambirambi.

Kisha mtu akairekodi, ikasambaa, ikafika Kitale kwa binti yake, Everlyn. Mtoto hakugombana naye. Alituma sauti fupi tu: “Dadi, hao watu wanachekea nini? Si mum ndiye amekufa?”

Jotham aliisikiliza akiwa amekaa kitandani kwake katika kambi ya wafanyakazi, wenzake wa chumba wakipika ugali.

Ijumaa iliyofuata ukumbi ulianza kabla yake: Bibi, Bibi, Bibi. Akangoja wanyamaze.

“Anaitwa Teresiah,” akasema.

Mtu mmoja wa nyuma akacheka, akidhani ndiyo inaanza, na wengine wakamfuata. Jotham akaweka kipaza sauti mezani, akatoka kwenda kungoja basi la kumrudisha kambini.