Darubini ya Bei Nafuu

Juzi, mjini Moshi, nilishika darubini ya mtumba. Harufu ya mkoba wake wa ngozi ikanirudisha kwenye duka moja, mkono wangu mdogo ukiwa ndani ya mkono wa baba.

Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, naye alitaka darubini ya kuwindia sungura na kwale kule tambarare. Mwenye duka akaweka mbili mezani. Baba aliposikia bei ya ile nzuri, aliirudisha taratibu, kama mtu aliyeshika kitu kisicho chake. Akanipa ile ya bei nafuu.

"Angalia mlimani, mwanangu. Unaona vizuri?"

Niliona weupe tu, kama maziwa yaliyomwagika kwenye kioo. Nikautazama uso wake.

"Naona vizuri, baba. Naona mpaka theluji."

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nyuma yake kwenye nyasi ndefu. Alitazama kwa ile darubini ya bei nafuu kwa muda mrefu, akanong'ona, "Sungura yule," kisha akafyatua bunduki. Aliyepiga kelele alikuwa mama jirani yetu, aliyekuwa ameinama akikata majani ya ng'ombe.

Risasi zile ndogo ndogo zilimwingia begani na usoni. Alipona, ila jicho moja halikuona tena. Baba aliisalimisha bunduki polisi, na mpaka alipofariki alimkatia yule mama majani kila siku.

"Nisamehe, mama," alimwambia siku ile ya kwanza. "Ni macho yangu haya."

Nilikuwa nimesimama kando yake, na sikusema kitu.