Alihesabu siku za meli akiwa Kitale, sasa mtihani wa mwisho unamponyoka

Ni saa mbili na dakika kumi asubuhi, na mvua imeanza kupiga mabati ya ghala la mahindi nyuma ya soko la Kitale. Wapakiaji wanatupa turubai juu ya lori na kukimbilia ndani. Sharifo Ubaid habanduki penye mizani. Anafungua daftari dogo na kuandika saa ambayo mvua imeanza.

"Dada, andika pia imelowesha nani," anamtania Khisa, mpakiaji kutoka Bungoma. "Hii ni lori, bana. Si meli."

Wenzake wanacheka. Sharifo, mwenye umri wa miaka 31, hacheki. Hakuna aliyemwagiza aandike. Anasema mkono umezoea tu tangu Novemba, mwezi aliofukuzwa kazi yake ya pili.

Kazi hiyo ilikuwa udalali wa meli. Ndiyo, hapa hapa Kitale, zaidi ya kilomita mia nane kutoka bandarini, tena kwa mtu ambaye hajawahi kuona meli ila kwenye simu.

Babake, Mzee Ubaid, ni dalali wa mahindi Bungoma. "Nimekua nikiona baba anasimama katikati ya mwenye mahindi na mwenye lori, na hana mahindi wala lori," anasema Sharifo. "Siku moja nikasoma ati kuna watu wanafanya hivyo na meli. Nikasema, si hii ni kazi ya kwetu?"

Dalali wa meli humtafutia mwenye shehena chombo, na mwenye chombo shehena, kisha huwafuatilia wote wawili mpaka mzigo ushuke. Sharifo alijiandikisha kuisomea kazi hiyo kwa mtandao. Mitihani ni saba. Kwa miaka mitatu, akisoma chumbani kwake Kibomet baada ya kazi ya mizani inayomlipa shilingi elfu kumi na nane kwa mwezi, amepita sita.

Ule wa saba haufanywi hivi hivi. Unahitaji barua ya dalali anayethibitisha kwamba mwanafunzi amefanya kazi chini yake miezi kumi na miwili. Mei ikipita bila barua hiyo, mitihani sita aliyopita inafutwa na ataanza upya. Sharifo ana miezi kumi.

Miezi hiyo aliipata kwa Lorna Mbogo, mwenye ofisi ndogo ya udalali Mombasa, aliyekubali kumfundisha kwa simu na barua pepe. Oktoba alimkabidhi kazi ya kuhesabu siku za kushusha ngano kutoka meli moja. Mkataba ulimpa mwenye ngano siku sita. Akizipitisha, angelipa dola elfu kumi na mbili kwa kila siku ya ziada.

Mvua ikanyesha siku mbili, ngano ikafunikwa, kazi ikasimama. Hapo ndipo Sharifo alipofanya kosa ambalo mtu wa bandarini asingelifanya.

Kitale na Bungoma, lori likingojea mzigo na mvua inyeshe, siku hiyo haihesabiwi. Haijaandikwa popote, lakini hakuna dereva anayethubutu kuidai. "Mvua ni ya Mungu," anasema Sharifo. "Nani analipisha mtu mvua?"

Akaziondoa zile siku mbili. Akamwandikia mwenye ngano kwamba bado ana nafasi, asihangaike. Mwenye ngano naye akayaachilia malori yake yaende kazi nyingine. Kumbe mkataba ulisema siku zifuatane, jua liwake au mvua inyeshe. Kifungu chenyewe kilikuwa ukurasa wa nne. Sharifo hakukisoma, maana hakujua kuna la kutafuta.

Malori yaliporudi, meli ilikuwa imepitisha muda kwa siku tatu.

Wahenga walisema kosa moja haliachi mke. Wahenga hawakuwa na meli bandarini.

"Nilimpenda, na bado nampenda," anasema Lorna kwa simu. "Lakini mteja wangu ameondoka. Hii kazi ni neno lako tu, huna kitu kingine. Nikiandika kwamba Sharifo anafaa, ni nani ataniamini mimi?"

Tangu hapo Sharifo ameandikia ofisi kumi na nne za udalali akiomba miezi miwili iliyobaki. Tatu zimemkatalia. Kumi na moja hazijamjibu kabisa.

"Afadhali hao watatu," anasema.

Kamaljit, mwenye ghala, alijitolea kumwandikia barua ya uongo kwamba yeye pia ni dalali wa meli, na kwamba Sharifo amefanya kazi hiyo chini yake. Mzee Ubaid alimhimiza bintiye aichukue. Sharifo aliikataa, na tangu siku hiyo salamu kati yake na babake ni za kukwaruzana.

"Baba ndiye alinifundisha dalali akidanganya mara moja amekwisha," anasema. "Sasa ananiambia nidanganye. Hiyo iliniuma kushinda kufukuzwa."

Mzee hakatai. "Nilikosea," anasema. "Lakini mtoto wako akizama, si utamshika hata na nywele?"

Sharifo amekata tamaa na hafichi. Usingizi umempotea, vitabu vya masomo amevisukuma chini ya kitanda. Limebaki jambo moja. Jumapili hii atapanda basi kwenda Mombasa, kwa mara ya kwanza maishani, aketi ofisini kwa Lorna amwombe miezi miwili bila mshahara, hata ikiwa ni ya kufagia. Tiketi ameshakata.

Lorna alipozungumza na mwandishi wa makala haya alikuwa na jibu tayari: asije, hatabadilisha uamuzi. Aliomba Sharifo afikishiwe ujumbe huo.

Anafikishiwa pale pale penye mizani. Anasikiliza hadi mwisho.

"Nimesikia," anasema. "Bado nitaenda. Kwetu mtu hakukatalii kupitia mtu mwingine. Aniangalie aniambie hapana, nisikie na masikio yangu. Hapo ndio nitajua imeisha."

Na akishaambiwa?

"Jumatatu asubuhi nitakuwa kwa mlango wake. Ya Jumatatu jioni, mimi sijui."